Wiki Saba za Mkanda

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakupewa bure. Alilifanyia kazi kwa miaka kumi na tisa. Ukimpelekea redio alikuambia kesho, ukimpelekea pasi alikuambia kesho kutwa, na ukimpelekea televisheni alikutazama kwa huruma kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu. Ila kitu kikishatoka mkononi mwake hakikuharibika tena, na ndiyo maana watu walimsema huku wakimpelekea. Fundi asiyedanganya hajazaliwa, walisema, na huyu wetu angalau anadanganya kwa upole.

Kwa hiyo Mzee Mpimaji alijua anakokwenda alipopanda zile ngazi kumi na nne asubuhi ya Jumanne, dereva wa teksi akimfuata nyuma na gramafoni iliyofungwa kwenye shuka. Alikuwa mzee mrefu, mpimaji wa ardhi aliyestaafu, suruali yake imenyooshwa hadi ule mstari wa mbele ungeweza kukata nyanya. Alisubiri pumzi zimrudie, kisha akasema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika:

"Taa inawaka, sahani haizunguki."

Fundi akafungua skrubu nne, akachungulia. "Mkanda wa mpira umeoza, mzee. Na sindano nayo imechoka."

"Vinapatikana?"

"Vinaagizwa. Vikifika, kesho yake unachukua."

Mzee alicheka aliposikia lile neno kesho, akalipa kazi yote hapo hapo bila kuomba punguzo. Kisha akamtuma dereva kwenye teksi akalete boksi. Ndani mlikuwa na santuri kumi na mbili, majalada yake yamechakaa pembeni lakini hayana vumbi hata chembe.

"Jazi za zamani hizi, za saksafoni," alisema. "Nilizinunua moja moja, kila nikitoka porini kupima. Ukimaliza kutengeneza iweke moja usikilize, maana mashine haipimwi kwa macho. Ikienda polepole, saksafoni inalia kama ng'ombe."

"Moja ingetosha, mzee. Hizi nyingine za nini?"

"Zimezoea kukaa pamoja," mzee alijibu, akashuka ngazi akishika ukuta.

Mkanda haukuagizwa popote. Siku ya pili yake Fundi alipekua lundo la vyombo vilivyokufa chini ya meza, akapata mkanda unaoenea, na sindano alikuwa nayo kwenye kopo la maziwa ya unga tangu miaka hiyo. Alhamisi saa tisa alasiri gramafoni ilikuwa inazunguka kama siku ilipotoka dukani. Kilichobaki kilikuwa kumpigia mzee simu. Aliweka santuri moja kwanza, ili apime, kama alivyoagizwa, na hapo hakukuwa na kosa lolote.

Jalada lilikuwa na picha ya mtu mwenye kofia, macho kayafumba. Sindano ilikwaruza kidogo, kisha saksafoni ikaanza chini chini, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito, ikapanda, ikasita, ikarudia lile neno la kwanza kwa namna nyingine. Nyuma ya pazia, kwenye chumba walichoishi, cherehani ya mkewe ilinyamaza. Alikuwa anashona sare za shule, na cherehani ile haikunyamaza hata akiwa na homa.

Mke akatokea, pini tatu zimebanwa midomoni. "Nini hicho?"

"Napima mwendo."

"Sogea," alisema, akaketi kwenye benchi la wateja. Binti yao akaingia kutoka shuleni, akasimama mlangoni na begi mgongoni, akingoja aambiwe akainjike chungu. Hakuna aliyemwambia kitu. Upande ulipokwisha, sindano ikawa inakwangua pale katikati, na mke akazitoa zile pini moja moja.

"Geuza," alisema.

Nyumba ile haikuwa ya ugomvi. Ingekuwa ya ugomvi pengine ingekuwa na uhai zaidi. Ilikuwa nyumba ya watu watatu wanaokula kila mmoja na sahani yake, mmoja mezani kwa vyuma, mmoja kwenye cherehani, mmoja kitandani na vitabu vyake, na maneno yao yalikuwa chumvi iko wapi na nani kachukua mkasi. Neno *geuza* lilitamkwa kwa sauti ambayo Fundi alikuwa hajaisikia siku nyingi. Akageuza. Walikula pamoja jioni hiyo, kwenye benchi, magoti yakigusana.

"Wiki moja tu," mke alisema walipokuwa wanatoa vyombo. "Mzee mwenyewe hana haraka."

Wiki ikazaa wiki. Gramafoni ilihamishiwa nyuma ya pazia, na santuri zikapewa majina ya nyumbani: kulikuwa na Mwenye Kofia, kulikuwa na ya Bluu, kulikuwa na Mkali, ambayo saksafoni yake ilikimbia kama inafukuzwa na mbwa, na mke alipenda kushona vifungo ikipigwa. Binti alijua kuimba vipande vizima kwa mdomo mtupu. Siku moja mke alicheka kitu alichosema mumewe, kicheko cha kweli, akafunika mdomo kama aliyeshikwa anaiba. Na ndivyo ilivyokuwa hasa, ila nani angelisema wakati nyumba imepata joto?

Mzee Mpimaji alikuja kila Jumanne na kila Ijumaa. Alipanda ngazi, akasimama, akahema, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkanda umefika?"

"Bado, mzee. Wamesema kesho kutwa."

"Hamna neno." Aliketi kwenye benchi, pale pale nyumba nzima ilipokula jana yake, akapangusa uso kwa leso. "Mimi nikiwa kazini wakubwa waliniharakisha, nikaweka jiwe la mpaka mahali si pake. Ndugu wawili hawakusalimiana miaka saba kwa ajili ya haraka yangu. Fundi haharakishwi."

Fundi alisema ndiyo, mzee, huku akikaza skrubu ambayo ilikuwa imekaza. Mzee akishaondoka, Fundi alijiapiza kwamba Jumanne ijayo atampa. Jumanne ikija, alikumbuka benchi na yale magoti matatu, ulimi ukasema kesho kutwa wenyewe, kwa mazoea.

*

Ijumaa ya wiki ya tano Fundi alisahau kama ni Ijumaa. Ya Bluu ilikuwa inalia nyuma ya pazia, upande wa pili, pale saksafoni inapobaki peke yake na vyombo vingine vyote vinaiachia njia. Alikuwa ameinamia pasi ya mtu, anapuliza mluzi. Alipoinua macho, mzee alikuwa amesimama mlangoni.

Hakuwa anahema. Au alikuwa amezizuia pumzi. Kofia ilikuwa mkononi, kichwa amekiinamisha upande, sikio la kushoto likielekea pazia, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

"Fundi," alisema polepole. "Kuna muziki?"

Fundi aliiweka pasi chini. "Muziki gani, mzee?"

"Saksafoni."

Nyuma ya pazia binti aliisikia ile sauti, akainua sindano. Chumba kikawa kimya, cherehani nayo kimya. Mzee aliendelea kuinamisha kichwa, akiusikiliza ukimya, akakunja uso.

"Mimi sisikii kitu, mzee," Fundi alisema.

Hata yeye mwenyewe alishangaa jinsi lilivyotoka kwa urahisi. Angeweza kusema ni redio ya jirani. Uongo wa redio ungemwachia mzee masikio yake. Lakini lililotoka ndilo hilo, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mzee aliligusa sikio lake kwa kidole, kama mtu anayegusa jino bovu. "Basi ni masikio haya," alisema, akacheka kidogo. "Siku hizi yananichezea. Juzi nilisikia mlango unagongwa, nikaenda kufungua, hakuna mtu. Unisamehe, fundi."

"Hamna neno, mzee."

"Umefika?"

"Bado."

Alishuka ngazi taratibu. Binti alitoka nyuma ya pazia kabla kofia haijapotea chini.

"Baba, kwa nini umemwambia hakuna kitu?"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Kaomba msamaha. Mzee mzima. Katuomba msamaha sisi."

"Nenda kasome."

"Jumanne atachukua," mke alisema kutoka ndani. "Jumanne, na isizidi hapo." Sauti yake haikuwa na nguvu ya kumshinda mtu.

Jumanne mzee hakuja. Ijumaa hakuja. Fundi alijisikia kama mtu aliyeongezewa siku, akachukia kujisikia hivyo, na bado jioni yake aliweka Mwenye Kofia. Walisikiliza bila kutazamana. Ilikuwa ileile, hakuna noti iliyopungua, lakini mke alirudi kwenye cherehani kabla upande haujaisha.

*

Wiki ya saba alikuja mwanamke mwenye viatu vyeupe vya uuguzi. Alijitambulisha kuwa binti wa Mzee Mpimaji, akakaa kwenye benchi bila kualikwa, mikono mapajani.

"Nimekuja kuuliza habari ya gramafoni ya baba. Amekataa nisije. Anasema nitakuharakisha."

"Mzee hajambo?" Fundi aliuliza. "Sijamwona."

"Mwili hajambo. Masikio ndiyo yamekwisha. La kulia lilikufa mwaka jana. La kushoto daktari alituambia miezi miwili, mitatu kama tuna bahati. Hatukuwa na bahati. Siku kumi sasa hasikii hata ukigonga sufuria."

Nyuma ya pazia mkasi ulianguka sakafuni.

"Hakuniambia," Fundi alisema. "Dada, wallahi hakuniambia. Angeniambia ningeacha kila kitu."

"Ndivyo alivyoogopa. Alisema, fundi akijua atanihurumia, akinihurumia ataharakisha, akiharakisha ataharibu." Alitabasamu kwa uchovu. "Alitaka kuzisikiliza zote, moja baada ya nyingine, aziage. Sasa anataka angalau zirudi nyumbani. Mkanda umefika?"

Fundi alikuwa na nafasi hapo, na hakuna aliyekuwa akimharakisha. Mwanamke alikuwa anamtazama bila hila, na ukweli ulikuwa na maneno matatu au manne tu.

"Umefika jana," alisema. "Nitaileta kesho."

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, kesho hiyo aliimaanisha.

Alipoondoka, mke aliketi pale pale alipokuwa ameketi mgeni. "Mimi ndiye niliyesema wiki moja tu," alisema.

"Mimi ndiye fundi."

"Utamwambia?"

"Nikimwambia masikio yatarudi?"

"Sijakuuliza habari ya masikio yake."

"Basi nini? Unataka nimwongezee uchungu mtu aliyekwisha umia? Tumrudishie, tumtakie heri, tunyamaze."

"Sawa," mke alisema. "Lakini usiniambie unanyamaza kwa ajili yake." Akaanza kuzifuta santuri kwa kitambaa cha sare, moja moja, ingawa hazikuwa na vumbi. Binti hakula usiku huo, wala hakuna aliyemshurutisha.

*

Sebule ya Mzee Mpimaji ilikuwa ndogo, na kila kitu kilikaa sambamba na kingine. Kiti kimoja kiliwekwa katikati ya spika mbili, umbali sawa kutoka kila moja. Ukutani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa kazi ya ramani: safu ya tarehe kumi na mbili, na mbele ya kila tarehe santuri yake. Tarehe ya kwanza ilikuwa ni Jumapili ileile baada ya Alhamisi ile. Zote zilikwisha pita. Hakuna iliyowekewa alama.

Fundi aliunganisha nyaya akiipa mgongo ile karatasi. Mzee alimsimamia kando, anafurahi kama mtu anayepokea mgeni wa mbali. Alizungumza kwa sauti ya juu, sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo.

"Inazunguka! Angalia inavyozunguka. Umeisikiliza? Mwendo uko sawa?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Hailii kama ng'ombe?"

Akatikisa kukataa. Mzee akampiga bega.

"Nilimwambia binti yangu, yule ni fundi wa kweli. Mwingine angenifungia kamba ya raba nikaondoka siku hiyohiyo, baada ya mwezi imekatika. Wewe ulisubiri kitu chenyewe." Akaenda kwenye boksi, akaliinua kwa shida, akamwekea Fundi mikononi. "Ondoka nazo. Na mashine pia, utaifuata na teksi, nauli yangu. Mimi zitanikalia kama picha za marehemu. Wewe una masikio mazima na una subira. Nani mwingine nitampa?"

Boksi lile Fundi alikuwa amelibeba mwenyewe kupanda ngazi za nyumba ile, wala halikumlemea. Sasa lilimlemea. Alikuwa amepewa kwa shukrani kile kile alichokiiba, na hakikuwa na mahali pa kukaa mwilini mwake. Machozi yakamtoka. Mzee akadhani ni furaha, akageuka kidogo ili asimwaibishe, akaanza kufuta spika kwa leso.

Hapo ndipo Fundi alipoyasema. Aliyasema kwa mgongo wa mzee, haraka, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mzee, mkanda ulikuwepo siku ya pili. Tuliisikiliza sisi. Mimi, mke wangu na binti yangu, kila siku, wiki saba. Na ile Ijumaa uliyosikia saksafoni, ilikuwa yako. Nilikuongopea."

Mzee aliendelea kufuta spika. Fundi akavuta pumzi, na, ni aibu kusema, alijisikia mwepesi. Ameshasema. Mungu ni shahidi kwamba amesema.

Alipogeuka, yule binti mwenye viatu vyeupe alikuwa mlangoni na trei ya chai. Hakupiga kelele. Aliiweka trei mezani polepole, vikombe vikagongana, akafuta mikono yake kwenye gauni. Kisha akatoa chini ya kitambaa cha meza daftari la mistari, lililojaa maandishi hadi nusu: *Dawa umekunywa? Jirani anakusalimia. Chakula tayari.* Akalifungua kwenye ukurasa mtupu, akaweka kalamu juu yake.

"Mwandikie," alisema.

"Dada, nakuomba. Atapata faida gani?"

"Umeuambia mgongo wake. Sasa mwambie yeye."

Fundi aliweka boksi chini, akapiga magoti kwenye kimeza. Mwandiko wake ulikuwa mbaya siku zote; leo alijitahidi usomeke. Alijaza mistari sita. Mzee alipoona kuna barua yake alifurahi, akavaa miwani, akalichukua daftari kwa mikono miwili.

Alisoma kwa kufuatisha kidole. Kidole kilifika mwisho, kikarudi mstari wa nne, kikakaa hapo. Fundi alingoja kufukuzwa. Alitamani afukuzwe.

"Ijumaa ile," mzee alisema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilikuwa ndogo. "Ilikuwa ipi?"

Fundi akainama kwenye boksi, akaitoa ya Bluu, akamwonyesha.

"Upande gani?"

Akainua vidole viwili.

"Kwa hiyo nilisikia," mzee alisema. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu, masikio yamekwisha, sasa yanajitungia mambo. Tangu siku ile sikuyaamini tena. Hata yale machache yaliyobaki, sauti ya mjukuu wangu kwenye simu, niliyaacha yapite nikidhani ni uongo." Alimtazama Fundi kwa muda. "Mlikuwa watatu?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Walipenda?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Angependa kukataa. Akakubali.

Mzee aliketi kwenye kile kiti kati ya spika mbili. Alinyoosha suruali kwenye magoti, mstari ukakaa sawa.

"Iweke."

Fundi aliweka ya Bluu, upande wa pili. Alishusha sindano, akasimama kando. Mzee akamsukumia daftari.

"Andika."

Fundi alifungua mikono, kama kuuliza aandike nini.

"Unachosikia. Chote. Ulikuwa nacho wiki saba, unakijua kuliko mimi sasa. Andika, nisome."

Saksafoni ilikwisha ingia. Fundi aliijua kila pumzi yake. Angeweza kuipiga mluzi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Aliinama, akaandika: *Saksafoni imeanza.* Mzee akasogeza daftari, akasoma, akalirudisha.

"Hiyo naijua. Halafu?"

Kalamu ikagusa karatasi, ikatoa nukta. Vyombo vingine vilikuwa vinaiachia njia, ile inabaki peke yake, inapanda, inakaribia pale mkewe alipokuwa akiacha kushona, na hakuwa na neno hata moja. Aliandika *inalia*, akalikata. Binti wa mzee alisimama nyuma yake, hakumsaidia. Sahani ilizunguka bila kumngoja.

"Halafu, fundi?" mzee alisema kwa sauti kubwa, macho kwenye karatasi. "Halafu?"